GESI HAILIWI, HUVUJA
Kufufua kiyoyozi cha gari la zamani bila kupoteza pesa za kikundi



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo tumeulizwa na kikundi kimoja cha vijana wa pwani. Tunaamini litavisaidia pia vikundi vingine vyenye gari, friji ya soda au chombo chochote cha baridi.

Vijana hao wana Mercedes-Benz 123, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1975 na 1986, ambazo wakati wake zilikuwa magari ya wakubwa. Waliinunua ikiwa imelala chini ya mwembe. Wakaipiga rangi, wakashona viti upya, na sasa wanaikodisha kwa maarusi. Kazi ni nzuri na wateja wapo. Lililobaki lilikuwa jambo moja tu: kiyoyozi, au "esi" kama wengi wetu tunavyosema. Bwana arusi mwenye suti na bibi arusi mwenye gauni zito hawawezi kukaa ndani ya gari lililofungwa vioo, saa nane mchana, kwa joto la pwani. Na wakifungua vioo, vumbi linatua juu ya gauni jeupe.

Basi kikundi kilitoa pesa kwenye mfuko, fundi akaletwa, akaweka gesi. Baridi ikaja. Baada ya wiki tatu ikawa ni upepo wa moto tu. Wakaweka tena. Wakaweka mara ya tatu, yote katika mwaka mmoja. Kila mara fundi alisema vilevile: "Gesi imeisha, weka ingine tu, mambo itakuwa sawa."

Katika mkutano wa kikundi maneno yakaanza. Mwenyekiti alimwuliza mweka hazina mbele ya watu kama kweli gesi ilinunuliwa. Risiti zilikuwapo, lakini baridi haikuwapo, na mtu anayehisi joto hasomi risiti. Mweka hazina aliondoka mkutanoni akilia. Ndipo kijana mmoja akaleta wazo lake: badala ya kununua gesi ya gari, kwa nini wasiweke gesi ya kupikia? Ni rahisi, na inapatikana kila duka.

Tulipowatembelea, mtungi wa gesi ya jikoni ulikuwa tayari umeegemezwa kwenye gurudumu la gari. Tuliwaomba wasubiri. Sisi ni wafanyakazi wa maendeleo, si mafundi wa baridi, kwa hiyo tulirudi siku nyingine pamoja na mwalimu anayefundisha ufundi wa friji. Haya tunayoandika ndiyo tuliyojifunza sote siku hiyo na siku zilizofuata.

KIYOYOZI HUFANYAJE KAZI?

Hebu kumbuka maji ya mtungi wa udongo. Kwa nini ni baridi kuliko maji ya ndoo ya plastiki? Ni kwa sababu mtungi hutoa jasho. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, hukauka kwa nje na kuwa mvuke, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ni sawa na muuguzi anapokupaka spiriti mkononi kabla ya sindano: spiriti inakauka, nawe unasikia baridi. Kitu cha majimaji kikigeuka mvuke, lazima kichukue joto mahali fulani.

Kiyoyozi cha gari hufanya hivyohivyo, ila kinatumia kitu kinachochemka upesi mno. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Gesi ya kiyoyozi cha magari ya zamani huchemka kwa karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa gesi hiyo, hata upepo wa asubuhi ni kama moto wa kuni.

Safari yake ni hii. Nyuma ya dashibodi kuna kitu kama rejeta ndogo, kinaitwa evaporeta. Humo gesi iliyo katika hali ya majimaji huchemka na kuchukua joto la hewa ya ndani ya gari. Feni inapuliza hewa hiyo ikiwa imepoa. Mvuke unafyonzwa na kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa belti. Kompresa inaubana sana, na ukibanwa unapata moto, kama vile chini ya pampu ya baiskeli panavyopata moto unapojaza upepo. Mvuke huo wa moto unasukumwa hadi kondensa, iliyo mbele ya rejeta ya injini. Hapo upepo unauondolea joto, nao unarudi kuwa majimaji. Kisha unapita kwenye draya, kichupa chenye chembechembe za kunyonya maji na uchafu. Mwisho unafika kwenye vali yenye tundu dogo sana, ambapo presha inashuka ghafla, na safari inaanza upya ndani ya evaporeta.

Mmeona? Gesi ni ileile. Inazunguka tu, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu aliwaambia vijana: "Petroli huliwa na injini. Gesi ya kiyoyozi haliwi na kitu chochote. Ukiambiwa imeisha, uliza imetokea wapi."

Ni kweli kwamba mipira ya zamani huachia gesi kidogo kidogo, hata gari likiwa zima, na baada ya miaka kadhaa kiyoyozi kinaweza kuhitaji kuongezwa. Lakini gesi iliyokwisha kwa wiki tatu haikupenya kwenye mpira. Imepita kwenye tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha.

GARI LA ZAMANI LINATUMIA GESI GANI?

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R12, ambayo wazee wa gereji huiita Frioni. Kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa ya kwanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, kuanzia mwaka 1939. R12 ilipendwa kwa sababu haishiki moto na haina harufu kali. Watu walidhani haina madhara yoyote.

Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za aina hiyo zikitoroka hupanda juu sana angani, na huko klorini iliyomo ndani yake hula ozoni. Ozoni ni tabaka linalotukinga na miali mikali ya jua, ile inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhuru mimea. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo lilikuwa limepungua vibaya juu ya Antaktika kila majira ya kuchipua.

Tarehe 16 Septemba 1987 nchi zilitia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuacha gesi hizo. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa kwetu Nairobi, katika makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zilipewa hadi mwanzo wa mwaka 2010 kumaliza kutumia gesi za jamii ya R12. Kwa hiyo mtu akikuletea leo mtungi wa "R12 mpya", usifurahi haraka. Huenda ndani mna kitu kingine kabisa.

Gesi iliyochukua nafasi yake katika magari ni R134a. Hii haili ozoni, lakini ikitoroka hufunika dunia kama blanketi na kuongeza joto. Kilo moja yake, kwa muda wa miaka 100, huleta joto sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa. R12 yenyewe ni mbaya zaidi: kilo moja ni sawa na zaidi ya kilo 10,000. Ndiyo sababu nchi zilikutana tena Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, zikakubaliana kupunguza hata gesi za kundi la R134a. Kwetu sisi wakulima tunaongoja mvua, hili si jambo la mbali.

MAMBO MANNE YA KUKATAA

La kwanza, gesi ya kupikia. Kijana yule aliuliza swali zuri: "Mwalimu, si gesi ni gesi? Hata friji za siku hizi nasikia zina gesi inayowaka." Mwalimu alimjibu kwamba ni kweli, friji nyingi mpya za nyumbani zina gesi inayoshika moto. Lakini ni kidogo sana, gramu za kuhesabika, na friji yenyewe imeundwa kwa ajili hiyo. Kiyoyozi cha gari la zamani hubeba karibu kilo nzima, na evaporeta iko nyuma ya dashibodi, karibu na swichi na waya. Ikivuja vioo vikiwa vimefungwa, gesi inajaa mlemle walimo maarusi. Cheche moja inatosha. Kijana alinyamaza, kisha akaubeba mtungi na kuurudisha jikoni.

La pili, oksijeni ya kuchomelea. Kuna mafundi wanaoitumia kupima uvujaji kwa sababu ipo karibu. Ndani ya kiyoyozi mna oili, na oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka kama bomu. Upepo wa kompresa ya tairi nao haufai, kwa maana unaingiza maji. Kinachofaa ni naitrojeni, nayo ipitie kwenye kidhibiti cha presha, kwa maana presha ya mtungi wake ni kubwa mno.

La tatu, kuachilia gesi hewani kwa kulegeza nati. Mbali na madhara tuliyoyataja, majimaji yake yakigusa jicho yanaweza kulipofusha kwa baridi kali. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa. Hutulia chini, hata katika lile shimo la gereji ambamo fundi husimama, na humnyima pumzi bila yeye kusikia harufu. Ikipita kwenye moto wa kuchomelea hutoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo: miwani, glavu, mlango wazi, hakuna sigara, hakuna kuchomelea. Gesi iliyobaki itolewe kwa mashine ya kuikusanya. Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni kuhusu kemikali hizi. Mkiwa na shaka, ulizeni ofisi ya NEMA ya kaunti yenu.

La nne, kuchanganya. R12 hutumia oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo. Ukimimina R134a juu ya mabaki ya zamani, oili inabaki imelala kwenye mabomba badala ya kurudi kwenye kompresa. Kompresa inazunguka kavu, inakwama, na hapo umenunua kompresa.

HATUA SABA ZA KUFUFUA KIYOYOZI

Hatua ya 1: Angalia vitu vya bure kwanza. Je, belti imelegea? Fyuzi imeungua? Waya wa klachi ya kompresa umekatika? Feni ya mbele inazunguka? Kondensa imejaa matope na wadudu? Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi ili usilaze mapezi yake. Angalia pia vali ya maji ya hita. Ikibaki wazi, maji moto ya injini yanapita karibu na evaporeta, na kiyoyozi kizima kitaonekana kibovu.

Hatua ya 2: Jua mna nini ndani. Tafuta kibandiko chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Vali za kujazia gesi za R12 huwa za kufungwa kwa nyuzi kama nati. Za R134a ni za kubana kwa kubofya. Lakini kumbuka huenda mtu mwingine alishabadilisha bila kuandika. Fundi mwenye kifaa cha kutambua gesi ndiye wa kuaminiwa. Kisha gesi itolewe kwa mashine.

Hatua ya 3: Tafuta uvujaji. Anza kwa macho. Gesi inapotoroka hutoka na oili, na oili hushika vumbi. Kwa hiyo pale penye doa jeusi la mafuta na vumbi kwenye maungio, anza hapo. Kisha weka naitrojeni kwa presha ndogo ambayo fundi ameipima, paka maji ya sabuni kwa brashi, na utazame mapovu. Sehemu zinazosumbua zaidi ni mipira, oringi za maungio, kondensa iliyopigwa mawe, evaporeta iliyooza, na sili ya shafti ya kompresa, yaani kile kizuizi pale shafti inapotokea nje. Gari likilala muda mrefu sili hiyo hukauka. Magari ya chini ya mwembe huumwa ugonjwa huu.

Hatua ya 4: Badilisha na uoshe. Oringi zote zing'olewe, ziwekwe mpya zinazofaa R134a, zikiwa zimepakwa oili. Mipira iliyopasuka itengenezwe upya kwa aina inayozuia gesi hii. Mabomba, evaporeta na kondensa vioshwe kwa dawa yake hadi oili ya zamani iishe. Lakini usioshe kompresa, draya wala vali kwa dawa hiyo. Oili ya kompresa imwagwe, ipimwe, na iwekwe mpya. Kwa gari lililotoka R12 kwenda R134a, mafundi wengi hupendelea oili iitwayo esta. Usiache kopo la oili wazi, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, hasa pwani. Draya iwe mpya kila mara mfumo unapofunguliwa, na iwe kitu cha mwisho kufungwa. Draya iliyoachwa wazi usiku mmoja imeshashiba maji.

Hatua ya 5: Fyonza hewa na maji. Hapa mafundi wa haraka ndipo wanapoiba, hata kama si kwa kukusudia. Pampu ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, iunganishwe na iachwe ifanye kazi angalau saa moja kwa gari lililokaa wazi. Kwa nini? Wapishi wa milimani wanajua kwamba maharagwe huko hukawia kuiva, kwa kuwa maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha: Mombasa kwa nyuzi 100, Nairobi kwa nyuzi 94 hivi. Hewa ikipungua, maji huchemka upesi. Pampu ikiiondoa karibu yote, maji yaliyofichika kwenye mabomba huchemka kwa joto la kawaida na kufyonzwa nje. Maji yakibaki hugeuka barafu na kuziba vali, au huungana na gesi kuwa asidi inayokula chuma.

Jambo la kukumbuka: geji ikifika karibu 29 au 30 Mombasa, kazi ni nzuri. Nairobi haitapita 25 hivi, hata pampu iwe mpya, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Usimlaumu fundi bure. Baada ya hapo pampu izimwe, vali zifungwe, mngoje nusu saa mkitazama. Mshale ukirudi nyuma, bado kuna uvujaji au maji. Rudini Hatua ya 3. Msinunue gesi bado.

Hatua ya 6: Jaza kwa mizani. Geji haikuonyeshi kiasi cha gesi. Kina mama wanaotumia mtungi wa jikoni wanalijua hili: moto huwaka vizuri hadi karibu mwisho, ndiyo maana huuinua mtungi kuona uzito. Vivyo hivyo hapa, weka mtungi juu ya mizani. Gari lililobuniwa kwa R12 likijazwa R134a huhitaji kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa awali. Kibandiko kikisema gramu 1,000, weka kati ya 800 na 900. Kuzidisha hakuongezi baridi. Kunapandisha presha na kupunguza baridi. Injini ikiwa inazunguka, jaza mvuke kwa upande wa presha ndogo tu. Ukifungua upande wa presha kubwa, kompresa itausukuma moto wake ndani ya mtungi, nao unaweza kupasuka.

Hatua ya 7: Pima na uandike. Weka kipimajoto kwenye tundu la upepo. Kwenye hewa kavu, hewa inayotoka ikiwa kati ya nyuzi 5 na 10, mshukuru Mungu. Pwani kwenye unyevu inaweza kuwa juu kidogo. Kisha andika kwenye kibandiko chini ya boneti: gesi gani, gramu ngapi, oili gani, tarehe gani. Fundi anayekuja miaka mitano ijayo atakuombea baraka.

VIJANA WALIPATA NINI?

Maji ya sabuni yaliwaonyesha ukweli katika dakika chache. Mapovu yalitoka kwenye sili ya shafti, na mengine kwenye mpira mmoja nyuma ya kompresa. Mwenyekiti aliinama akayatazama mwenyewe. Kisha akasimama, akamgeukia mweka hazina, akamwambia, "Dada, nisamehe. Pesa zetu ziko hapa." Aliyasema mbele ya wote, kama vile alivyomshtaki mbele ya wote.

Walipopiga hesabu waliona kwamba gesi ya mara tatu, pamoja na malipo ya fundi na nauli, ilikuwa imekaribia gharama ya sili, mpira, draya, oringi na oili vyote pamoja. Hawakuwa na pesa yote mara moja. Waliamua kungoja miezi miwili, wakikodisha gari kwa safari za asubuhi tu. Tunawapongeza kwa uvumilivu huo, kwa maana kungoja huku ukiona wateja wakienda kwingine si rahisi.

Sasa kiyoyozi kinafanya kazi. Hakina baridi kali kama alivyosimulia mwenye gari wa kwanza, hasa kwenye foleni, kwa kuwa kondensa ya zamani ilibuniwa kwa R12. Waliongeza feni ya umeme mbele yake, ikasaidia. Wawili kati yao wameomba kujifunza ufundi wa baridi, na hilo kwetu ni faida kubwa kuliko gari.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI, MWULIZENI

1. Uvujaji uko wapi? Tuonyeshe kwa macho.
2. Utaweka draya mpya?
3. Pampu ya kufyonza itafanya kazi kwa muda gani, na utangoja geji kwa muda gani?
4. Utapima gesi kwa mizani?
5. Gesi iliyobaki ndani utaipeleka wapi?

Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba anafanya kazi na watu wanaoelewa. Na kiyoyozi kikishapona, kiwasheni dakika kumi kila wiki, hata wakati wa baridi mwezi Julai. Oili ikizunguka, sili haikauki.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaona vikundi vingi ambavyo mfuko wao unakuwa kama gari hili. Pesa zikipungua, wanachama wanaitwa wachange tena, na wakichanga zinapungua tena, na hakuna anayepaka maji ya sabuni. Kutafuta uvujaji si kumtafuta mwizi. Mara nyingine tundu ni oringi ndogo: nauli isiyoandikwa, mkopo uliosahaulika, bei ambayo haikuulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja mkataba wa ozoni kuwa mfano wa mataifa kufanya kazi pamoja hadi tatizo likaanza kupata ufumbuzi. Katika barua hiyohiyo alionya pia juu ya tabia ya kuongeza viyoyozi bila kufikiri. Yote mawili yanatuhusu. Tukiwa na kiyoyozi, tukitumie kwa kazi inayohitajika, na gesi yake tuifunge ndani inakopaswa kukaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni chombo gani cha kikundi chetu tunachokitengeneza mara kwa mara bila kujua chanzo cha ubovu?
2. Je, tumewahi kumshuku mwenzetu kabla ya kuchunguza? Tulirudi kumwomba msamaha?
3. Nani kati ya vijana wetu angeweza kupelekwa kujifunza ufundi wa baridi, na kikundi kingemsaidiaje?

Mungu awabariki, na kazi ya mikono yenu iwe na matunda.